Sahani ya Arobaini na Moja

Nilikuchota Malimbe, chini ya jiwe lililobeba jiwe,
kwenye ufa ambamo maji ya mvua hulala siku tatu,
kwa kijiko cha chai nilichokichemsha mara mbili.
Ulikuwa waridi hafifu, rangi ya ufizi wa mtoto.
Nikasema: kumbe unayo. Unaibana tu.

Mama anasuka mikeka Nansio.
Rangi ya unga, ya kopo lenye picha ya tausi,
imemla kucha mbili za mkono wa kulia,
na bado huchuja mkeka ukilowa.
Mimi sikuja maabara kutafuta cheo.
Nilikuja kutafuta nyekundu isiyouma.

Dokta Lugwisha akanionyesha taa.
"Urujuanimno," akasema, akilitafuna neno kama muwa mkavu.
"Tunawachoma hadi kati ya elfu wabaki kumi.
Kati ya hao kumi, tukibahatika, mmoja amekosea vizuri."

Amekosea vizuri.
Nikaandika hivyo daftarini, chini ya tarehe.
Kesho yake akasahihisha kwa kalamu ya kijani: *amebadilika*.
Mimi bado husoma nilichoandika.

Sekunde thelathini. Sitini. Tisini.
Miwani usoni, glavu zinanuka spiriti.
Sikukuchora. Hakuna sindano niliyonayo
inayofika ndani yako na kuagiza: ongeza wino hapa.
Taa hupiga tu, kama mvua ya mawe juu ya bati,
tundu hapa, tundu pale,
na wengi hufa.
Wafu sikuwahesabu. Nilihesabu waliobaki,
kama afanyavyo kila mtu.

Tena kuna hili, nililolijua kwa kuungua:
nuru inayojeruhi ina dada yake anayetibu.
Mkitoka chini ya taa ile mkaiona nuru ya kawaida
mnajishona kimyakimya,
mnarudi waridi ile ile, aibu ile ile.
Ndiyo maana mnafichwa. Karatasi ya fedha, kabati, giza.

Nami usiku ule karatasi ilikuwa imekwisha.
Sahani sitini mezani, taa ya dari inawaka,
nageuka kukimbilia stoo,
umeme ukakatika. Nyegezi yote, Mkolani yote.
Feni ikafa. Jokofu likanyamaza kama mtu aliyetukanwa.
Nikalaani shirika na ukoo wake,
kisha nikacheka peke yangu:
giza nililokuwa nalitafuta stoo
limekuja kwa miguu yake.
Nikakaa nanyi hadi saa nane, nikisikia vyura.

Koloni.
Babu neno hili alilijua kwa kodi ya kichwa.
Mimi nalijua kwa kidoa kisichozidi punje ya ulezi.
Sahani ya arobaini na moja, ukingoni, siku ya tatu,
nyekundu kama... nikatafuta mfano, nikaukosa.
Bhoke anayefagia akachungulia begani kwangu:
"Kama pilipili iliyokasirika."
Nikauandika huo.

Tumekupandikiza mara saba.
Mara ya nne nusu yenu mkageuka weupe, bila sababu,
na mimi nilikuwa nimeshampigia mama.
Nikarudi nyuma, nikachagua tena,
punje kwa punje, macho yakiwasha.

Fungu moja la ukindu likaenda kwa meli ya asubuhi
ndani ya mfuko wa sukari.
Akalifua kwa sabuni ya mche. Mara tatu, akasema.
"Imechuja kidogo. Lakini mkono hauwashi."
Akauliza ni mti gani.
Nikamwambia si mti, mama, ni vijidudu vya jiwe,
tunavichoma, kisha tunamtafuta aliyebaki na rangi.

Simu ikawa kimya. Nilisikia kuku wake.
"Na hao wengine?"
Wanakufa, mama.
"Haya. Lakini usiwamalize."